Leseni ya siku 42

Kaskazi iliyopita tulikuwa tumekaa gatini Malindi, pwani ya Kenya, mimi na binamu yangu na vijana wawili wa Shela ya hapa kwetu, tukingoja maji yajae. Nikatoa leseni yangu ya kuvua kwenye mfuko wa nailoni kuiangalia, nikairudisha kisandukuni pamoja na ndoana na risasi za mshipi. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, hata bahari ya Mungu unailipia? Wewe samaki huuzi. Wavua kitoweo tu, tena kwa kujifurahisha."

Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa samaki walikuwa wameanza kula. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu zamani lilikuwa langu.

Nimezaliwa hapa. Tangu nina miaka saba nikitupa mshipi wa mkono kwenye mawe, nikipata samaki kama changu na kolekole wadogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Leseni kwetu ilikuwa habari ya wenye vyombo: mjomba wangu alikuwa nayo, tajiri wa mashua alikuwa nayo, na wazungu wa boti za kurambaza sulisuli, zile za kuburuta mishipi nyuma, tuliamini wanayo. Mtu wa mshipi mmoja na chambo cha kamba hakuingia katika hesabu hiyo. Basi nilipoondoka kwenda Marekani Machi 2016, kwa dada yangu aliyeolewa Houston, Texas, nilikwenda na fikra hiyo hiyo.

Nilipata kazi ghalani, zamu ya usiku. Joto la kule halikunisumbua, ni joto letu. Kilichonisumbua ni kukaa miezi minne bila kusikia harufu ya maji ya chumvi. Julai, mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Mombasa, akanichukua hadi Galveston, kisiwa kilicho mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ni mji uliopigwa na tufani mwaka 1900, wakafa maelfu ya watu, kisha wakajenga ukuta mrefu wa kuzuia bahari. Kutoka ukutani zimetokeza safu za mawe zinazoingia majini, na juu ya mawe hayo watu wamekaa na fimbo zao kama wanavyokaa watu wetu gatini jioni. Nilipoyaona yale nilitaka kutupa mshipi saa ile ile. Mwenzangu akanishika mkono: kwanza leseni.

Tukaingia duka la chambo. Ilikuwa tarehe 21 Julai. Muuzaji akaniuliza nimeishi Texas muda gani, nikasema miezi minne. Kule mkaazi ni aliyekaa miezi sita mfululizo, kwa hiyo nikaandikwa mgeni. Leseni ya mwaka ya maji ya chumvi kwa mkaazi ilikuwa dola 35, kwa mgeni dola 63. Wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya, na mimi nilikuwa nahesabu kila senti ninayotuma nyumbani. Nikamwuliza, "Ni ya mwaka?" Akaniambia ni ya mwaka. Nikalipa. Akanipa karatasi ndefu kama risiti ya duka kubwa, nikaikunja nikaitia kwenye pochi.

Nilivua mara tatu, Jumamosi tatu. Zamu zilinibana, na mwezi wa Agosti gari la mwenzangu liliharibika.

Jumamosi tarehe 10 Septemba tulikuwa tumesimama pale pale kwenye mawe. Askari wa uvuvi akaja taratibu, akisalimu mtu mmoja mmoja, akiomba leseni na kuchungulia kwenye ndoo. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nikampa karatasi yangu. Aliikunjua yote, akaisoma hadi chini, kisha akaweka kidole gumba kwenye mstari wa herufi ndogo akanigeuzia nione. Tarehe ya mwisho: 08/31/2016. Wao huandika mwezi kwanza. Ilikuwa imekwisha siku kumi nyuma.

Mwaka wa leseni Texas huanza tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 31 Agosti, na ni hivyo kwa kila mtu. Ukinunua Septemba umepata miezi kumi na miwili. Ukinunua tarehe 21 Julai kama mimi umepata siku 42 kwa bei ile ile. Muuzaji hakunidanganya, maana aliniuzia leseni ya mwaka kweli, ila mwaka wenyewe ulikuwa ukingoni. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilotosha. Ningeuliza "inakwisha lini?" angenijibu, na pengine angeniambia pia kwamba kuna leseni ya siku moja ya dola 16 kwa mgeni. Safari tatu kwa 16 ni dola 48. Nililipa 63, na safari ya nne ikaniletea karatasi ya faini. Kosa lile kisheria ni la daraja la chini kabisa, faini yake ni kati ya dola 25 na 500. Yangu, pamoja na gharama za mahakama, ilipita mia moja.

Usiku ule nilikaa na dada yangu jikoni. Nilikuwa na hasira, nikasema maneno mengi juu ya nchi inayouza hata pwani. Dada alinisikiliza akikuna nazi, halafu akaniambia, "Kwani siku ngapi utavua mwaka huu? Hesabu kwanza, halafu ukasirike." Nilichukua kalamu. Nilikuwa nimefikisha miezi sita, sasa ni mkaazi, leseni yangu ni dola 35. Nikinunua wiki hiyo nitavua hadi Agosti mwakani. Nilinunua, na mwaka ule nikaanza kuandika kila safari nyuma ya kalenda ya ukutani. Agosti ilipofika nilikuwa na mistari 28. Gawa 35 kwa 28, unapata dola moja na senti 25 kwa safari. Chambo peke yake kilinigharimu zaidi ya hapo, petroli ndiyo usiseme.

Tangu wakati ule sijui kuitazama bei ya leseni bila kuigawa. Mtu anayevua mara mbili kwa mwaka na mtu anayevua kila wiki wanatajiwa bei moja, lakini hawalipi kitu kimoja. Huyu wa mara mbili anunue ya siku. Anayeanza katikati ya msimu aulize kama kuna inayohesabiwa tangu siku ya kununua. Texas wanayo hiyo kwa mkaazi, ya maji yote, kwa dola 47, na laiti ningekuwa mkaazi Julai ile ndiyo ningeichukua.

Lakini hesabu ilinitoa hasira tu, haikunifanya nilipe kwa moyo. Hilo lilikuja mwaka uliofuata, siku dada alipotaka kuwatembeza watoto wake akanipa kazi ya kuendesha gari hadi Lake Jackson, kusini ya Houston. Huko kuna kituo cha serikali ya jimbo kilichofunguliwa 1996, kinaitwa Sea Center Texas. Kuingia ni bure. Ndani kuna matangi ya vioo, watoto walibaki hapo. Mimi nilivutwa na mabwawa ya nje. Humo wanazalisha vifaranga vya samaki wa bahari, hasa yule mwekundu mwenye doa jeusi karibu na mkia, wenyewe humwita redifishi, kisha huvipeleka kuviachia kwenye ghuba.

Mfanyakazi mmoja alichota maji kwa kikombe cha plastiki akanisogezea. Ndani mlikuwa na vifaranga kama kumi, kila kimoja hakizidi pingili ya kidole, vimeng'aa kama vipande vya sabuni, na doa la mkiani bado halijatokea vizuri. Wote walikuwa wameelekeza vichwa upande mmoja. Akanieleza kuwa miaka ya sabini samaki huyu alivuliwa kwa nyavu hadi akakaribia kutoweka, na mwaka 1981 Texas ikapiga marufuku kumuuza anayevuliwa katika maji yake. Sasa nilielewa kwa nini tulitakiwa kumpima kila tunayemtoa: inchi 20 hadi 28, watatu kwa siku, aliyepungua arudi majini. Nilimwuliza nani analipia mabwawa haya. Akanielekeza kwenye pochi yangu. Leseni, akasema, leseni zenu na kodi ya vifaa.

Hiyo kodi ya vifaa sikuwa nimeisikia. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1950 inayotoza asilimia 10 kwenye fimbo, rili, ndoana na kadhalika, hulipwa kiwandani au wanapoingiza mzigo, kwa hiyo imo ndani ya bei dukani na mnunuzi haioni. Fedha hizo hugawiwa majimbo: asilimia 60 kwa kufuata idadi ya watu wenye leseni za kulipia, na 40 kwa kufuata ukubwa wa nchi kavu na maji. Maana yake leseni yangu moja haikuleta dola 35 tu. Iliongeza kichwa kimoja kwenye hesabu ya jimbo, na kile kichwa kikavuta fedha nyingine. Nilirudi Houston jioni ile watoto wamelala nyuma ya gari, nami nikimfikiria mjomba na wale wazee wenzake wanaolalamika kila siku kwamba nguru wamekuwa wadogo.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 2019. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na Jumapili huingia baharini na mjomba kwenye mashua yake ya injini. Yeye huvua kwa riziki. Mimi hukaa nyuma na fimbo yangu niliyokuja nayo.

Jumapili ya kwanza, tumevuka mwamba, maji bado yana rangi ya chai kwa matope ya mto Sabaki, mjomba akaniambia neno ambalo sijalisahau. "Mimi nina leseni ya kuvua. Chombo hiki kina karatasi zake. Jina langu liko BMU, kwenye kikundi chetu cha kusimamia ufuo. Kila mwaka natoa. Wewe mwanangu umekaa hapo na fimbo ya dola mia, na huna hata kipande cha karatasi." Hakusema kwa ugomvi, alikuwa anatia chambo. Niliona haya. Kule ugenini nililipa mpaka nikaridhika, nikafika kwetu nikajihesabu mtoto wa nyumbani asiyedaiwa kitu. Na sheria yetu ya uvuvi ya mwaka 2016 haimwachi nje mtu wa fimbo. Anayevua kwa burudani naye atakiwa awe na leseni.

Jumatatu nilifunga duka saa nne nikaenda ofisi ya uvuvi. Maswali yangu niliyaandika kwenye karatasi ya saruji: inakwisha lini, inanihusu mimi au chombo, inanikubalia wapi. Ada ya huku siiandiki hapa, kwani hupangwa upya kwa kanuni, na mtu akikutajia ya mwaka juzi amekupoteza. Iulize dirishani siku unayokwenda. Malipo ya serikali siku hizi hupita eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, nambari 222222. Mtu akikuambia umkabidhi noti ufuoni yeye atakupelekea, usimpe, hata kama mwamkiana kila siku.

La tarehe nalitilia mkazo kwa sababu ya msimu wetu. Sulisuli wetu wako vizuri wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, na mwaka wa kalenda unabadilika katikati yake. Kusi ikikaza kuanzia Mei, boti nyingi za starehe hupandishwa. Mgeni anayekuja Desemba akarudi Februari huenda akavuka mwaka akiwa bado na karatasi ile ile mkononi, kama nilivyovuka mimi Septemba.

Wageni hawa nawapenda, na nasema haya kwa ajili yao pia. Wengi hufika na desturi ya kwao. Mwitaliano, ambaye hapa Malindi ni kama jirani, kwao bahari haitozi mvuvi wa starehe, hujiandikisha bure basi. Mwingereza hulipia fimbo ya mto na ziwa, baharini havutwi shati na mtu. Anayetoka Florida amezoea bei za kila namna, mgeni kule alipa dola 17 kwa siku tatu, 30 kwa wiki, 47 kwa mwaka. Kila mmoja huleta dhana yake, na nahodha akimwambia "leseni imo ndani ya bei" huitikia kichwa akaingia botini.

Binamu yangu, yule niliyekuwa naye gatini, ni baharia wa boti za kurambaza. Misimu miwili nyuma mwenye boti mmoja alimwambia mgeni maneno hayo hayo. Walikuwa wamekwisha tia barafu, chambo kimefungwa, mgeni amepakwa mafuta ya jua hadi masikioni. Maafisa wakaja gatini kukagua kabla hawajang'oa nanga. Leseni ya chombo ilikuwapo, ya mgeni haikuwapo. Safari ikafa. Mgeni akarudishiwa pesa zake, mwenye boti akapanda gari akaenda zake, na binamu yangu aliyeamka saa tisa za usiku akarudi nyumbani bila ujira. Mkewe ni mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza. Alikuwa ameahidiwa vichwa vya jodari siku ile na hakupata cha kutia karaini. Ndiyo sababu nikisikia mtu akisema karatasi ni kitu kidogo natazama nani ataumia ikikosekana. Tajiri hakuumia.

Na jambo moja la haraka, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: leseni haifungui hifadhi. Malindi Marine Park ilianzishwa 1968 na ndani ya mipaka yake hapavuliwi, kwa mshipi wala fimbo. Nimemwona mtu akibishana na askari pale Casuarina huku ameinua leseni yake juu, na hakuwa na haki.

Nalipa, basi, na nikishalipa nauliza. Mkutano wa BMU wa mwaka jana mjomba alinipeleka, nikakaa nyuma. Nilipopewa nafasi niliwaeleza habari ya kikombe cha plastiki cha Lake Jackson na vifaranga vyake, kisha nikauliza ada zetu sisi wa fimbo huku zinafanya nini ambacho mtu anaweza kwenda kukiona kwa macho. Kimya kikawa kirefu. Halafu mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Hilo liandikwe." Katibu akaliandika. Nitakwenda na mkutano ujao, na nimeshamwomba katibu alisome upya mwanzoni.

Yule kijana wa Shela aliyeniuliza gatini alinifuata dukani wiki ile ile ya swali lake akitafuta gundi ya mabomba, akaona nimebandika kalenda nyuma ya kaunta ina mistari ya kalamu. Akauliza ni ya nini. Nikamwonyesha: kila mstari safari moja, na juu ya kalenda nimeandika nilicholipa. Alihesabu mistari kwa kidole, kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akaniuliza ofisi hufunguliwa saa ngapi.

Jumapili hii tuliondoka kabla ya alfajiri, maji mafu, upepo umelala. Mjomba macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Kabla ya kuvuta kamba ya mashine aliningoja, akanyoosha mkono. Nikamtolea leseni kwenye mfuko wa nailoni. Akaipapasa, akaisogeza kwenye mwanga wa simu yangu, akanirudishia.

"Tarehe?"

Nikamsomea.

"Haya, sukuma," akasema, akavuta kamba.